Kolestro: kitunguu saumu, mrenda ama tembe?

Kuna ile meseji ya WhatsApp ambayo hakuna grupu ya familia haijapitia. Vichwa vinne vya kitunguu saumu, ndimu nne, saga na maganda yake, chemsha, chuja, weka kwa friji, kunywa kiglasi kila asubuhi wiki tatu na mishipa yako itafunguka iwe kama ya mtoto. Inaisha na "tuma kwa watu kumi". Na kila ikitumwa kuna mtu kwa hiyo grupu, mara nyingi ni mzee ama mama mwenye alipimwa juzi, ana pakiti ya atorvastatin, tembe ya kushusha kolestro, kwa kabati imefika nusu, na anauliza kitu moja tu: sasa hii ya hospitali niiache?

Huyo mtu huwa anajibiwa vibaya na pande zote mbili. Mwenye spika pale steji anamwambia tembe za wazungu ni sumu, daktari naye ana dakika tano na foleni imefika nje kwa hivyo anamwambia "wewe meza tu". Hakuna mwenye anakaa chini amwambie kitunguu saumu kinashusha kiasi gani, maharagwe yanashusha kiasi gani, tembe inashusha kiasi gani, halafu yeye anahitaji kushuka kiasi gani. Mimi naona kelele yote ya asili dhidi ya kemikali inaficha hiyo hesabu, na hesabu yenyewe wala sio ngumu.

Tuanze na kolestro ni nini. Ni mafuta fulani yenye umbo la nta, na mwili hauwezi kuishi bila hiyo, inajenga kuta za seli, inatengeneza homoni na vitamini D, na inatengeneza nyongo yenye unatumia kumeng'enya mafuta. Nyingi yake mwili unajitengenezea wenyewe, haswa kwa ini, ile ya kwa sahani ni kidogo ukilinganisha. Sasa mafuta hayachanganyiki na maji na damu kwa wingi wake ni maji, kwa hivyo kolestro lazima ibebwe na kitu. Hizo za kubeba ndizo zinaitwa LDL na HDL.

Mtu wa Mumias ama Chemelil ataelewa haraka. Fikiria barabara ya kwenda kiwandani msimu wa miwa. Trekta zinapita na trela zimejaa mpaka miwa inaning'inia, na kila trela ikiruka tuta inaangusha miwa mbili tatu. Trekta zikiwa kumi kwa siku hakuna shida. Zikiwa mia tano kila siku, miaka ishirini, miwa itarundikana kando ya lami hadi gari mbili zishindwe kupishana. Trekta ndiyo LDL, barabara ni mshipa wako. Wale watoto wanaookota miwa ikianguka wanaenda nayo ndio HDL, ndio maana inaitwa nzuri. Na trekta zinatoka barabarani vipi? Zinaingia kwa geti ya kiwanda, na kiwanda hapa ni ini. Ini lina mageti yake ya kuvuta LDL kutoka kwa damu, mageti yakiwa machache foleni inabaki nje barabarani inaendelea kumwaga. Shika hapo kwa mageti vizuri, juu dawa ya kemisti na chakula cha shambani, zile zinafanya kazi kweli, nyingi zinafanyia kazi hapo hapo.

Halafu kuna triglaiseraidi, hayo ni mafuta ya akiba, yanapandishwa na sukari, pombe na wanga mwingi. Ni jirani wa kolestro lakini sio kolestro, tutarudi kwake kidogo tukifika kwa omena.

Karatasi ya maabara

Ukipima lipidi unapewa karatasi yenye mistari minne ya maana. Tuchukue mfano wa kubuni, mama wa miaka 58 huko Langa Langa, Nakuru: kolestro yote 6.8, HDL 1.1, triglaiseraidi 2.4, LDL 4.6. Watu wengi wanaangalia mstari wa kwanza wakiona kaherufi H kando wanaanza kuomba. Mstari wa kuangalia kwanza ni LDL. Kwa mtu hana shida ingine yoyote, chini ya 3 ni sawa. Kwa mwenye ashawahi kupigwa na stroki ama moyo, madaktari wanataka ikae chini ya 1.8, na wengine wanataka hata chini ya 1.4. Kwa hivyo LDL ya 3.2 inaweza kuwa ya kuongea tu kwa mtu mmoja na iwe hatari kwa jirani yake, na ndio maana kulinganisha karatasi na mtu wa kanisa lenu hakusaidii.

Kitu ingine inachanganya watu ni kipimo. Hizo nambari nimeweka ni za mmol/L, lakini kuna maabara zinaandika mg/dL na hapo hiyo 4.6 inakuwa kama 178. Mtu anashika karatasi ya mwaka jana na ya mwaka huu anaona imetoka 4.6 ikaenda 178, anazimia. Ni kitu ile ile. Kwa kolestro yote, LDL na HDL, zidisha ya mmol/L kwa 38.7 utapata ile ingine.

Na kolestro haiumi. Hii nairudia kila mahali. Kichwa kugonga, shingo kukaza, vidole kufa ganzi, uchovu, zote hizo zina sababu zake zingine, na mtu akikuuzia dawa ya kolestro kwa kukuuliza kama unasikia kizunguzungu huyo anakuuzia kizunguzungu. Hata kitambi hakikuambii kitu ya uhakika. Kuna watu wembamba kama fimbo na LDL yao imepita 5, karibu mtu mmoja kwa kila 250 amezaliwa na jeni inayofanya mageti ya ini yasifanye kazi vizuri, hao hata wakila sukuma wiki ya kuchemsha maisha yao yote hawatafika mahali pazuri bila dawa. Kwa familia yenu kama kuna wajomba walikufa na moyo wakiwa arobaini na kitu, nenda upime, usingoje kunenepa.

Tembe ilitoka kwa ukungu

Hapa ndio ile vita ya asili na kemikali inaanza kuchekesha. Mwanzo wa miaka ya 1970 mwanasayansi wa Japani anaitwa Akira Endo alikuwa anatafuta kitu cha kuzuia mwili kutengeneza kolestro nyingi, akapima kuvu na vijidudu kama 6,000, na kilichojibu akakipata kwa ukungu wa kibuluu-kijani uliokuwa umeota kwa mchele kutoka duka la nafaka mji wa Kyoto. Yaani ukungu, ule wenye ukiona kwa mkate unatupa mkate wote. Baadaye kuvu ingine ikatoa lovastatin, na hiyo ndiyo ilikuwa statini (ndio jina la hizi tembe za kolestro zenye majina yanaishia na -statin) ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa, Marekani, 1987. Za leo kama atorvastatin zinatengenezwa kiwandani lakini kazi ni ile ile.

Na kuna mchele mwekundu wa kuchachusha kutoka Uchina, unauzwa kwa vidonge kwa maduka ya vitu vya asili kama mbadala wa statini. Ndani yake kuna kitu inaitwa monakolini K. Ukiipima kwa maabara ni lovastatin, sio inafanana nayo, ni yenyewe. Kwa hivyo mtu anakimbia statini kwa mlango wa mbele akiingia kwa statini ya mlango wa nyuma, tofauti ni kwamba ya nyuma hajui ni miligramu ngapi ziko kwa kidonge, na saa zingine inakuja na sumu ya kuvu inaitwa sitrinini inayoumiza figo. Umoja wa Ulaya mwaka 2022 waliamua sapliment kama hizo zisizidishe miligramu 3 za monakolini kwa siku.

Statini inafanya nini? Inazuia kimeng'enya kimoja ndani ya ini ambacho ndicho kinaendesha kazi ya kutengeneza kolestro. Ini likiona limepungukiwa linafungua mageti mengi zaidi kuvuta LDL kutoka kwa damu. Basi. LDL inashuka asilimia 30 hadi 50, na dozi kubwa za zile kali zinapita 50. Na hii sio ya kupendezesha karatasi tu, kila LDL ikishuka kwa 1 mmol/L, mshtuko wa moyo na stroki zinapungua kwa karibu moja ya tano. Mwaka 1994 kuna utafiti ulitoka nchi za Skandinavia kwa wagonjwa wa moyo 4,444, wenye walipewa simvastatin vifo vilipungua asilimia 30 kwa kama miaka mitano. Hakuna majani, mbegu wala mizizi yenye imewahi kuonyesha hivyo.

Sasa chakula

Lakini ukisikia hivyo usidhani nasema chakula ni bure. Chakula kinashusha, kinashusha kweli, na njia yake nzuri kuliko zote inapitia kwa nyongo.

Nyongo inatengenezwa na kolestro. Kila ukikula inamwagwa kwa matumbo, ikimaliza kazi nyingi yake inafyonzwa inarudi kwa ini itumike tena kesho. Sasa ukila nyuzi zenye ute, ule utelezi wa bamia, ule wa mrenda ukivutwa na tonge unakuja kama uzi, ule wa uji wa oti ukipoa, huo ute unainasa nyongo unaenda nayo chooni. Ini asubuhi linajikuta halina nyongo ya kutosha, linahitaji kolestro ya kutengeneza ingine, linafanya nini? Linafungua mageti. Ona, ni geti zile zile za statini, ila zinafunguliwa kidogo.

Kidogo kiasi gani? Oti ukila za kutosha kila siku, yaani bakuli kubwa yenye gramu 70 hivi za oti kavu ndio upate gramu 3 za zile nyuzi zinaitwa betaglukani, LDL inashuka asilimia 5 hadi 7. Shayiri pia iko hapo. Maharagwe, ndengu, kunde ama mbaazi, robo tatu ya kikombe zikiwa zimepikwa, kila siku, inashusha kama asilimia 5. Njugu kiganja kikubwa kila siku, zisizo na chumvi na zisizokaangwa kwa mafuta, asilimia kama 7. Yale maganda ya isabgol yanauzwa kwa maduka ya Wahindi na kemisti, kama gramu 10 kwa siku na maji mengi, kama 7 pia, na choo kitakushukuru. Zingatia neno "kila siku". Maharagwe ya Jumapili hayahesabiwi.

Ukizipanga pamoja zinajumlika. Mwaka 2003 kule Toronto, David Jenkins na wenzake walichukua watu wakawalisha mwezi mzima oti, shayiri, bamia, biringanya, soya, lozi na siagi yenye sterol za mimea (vitu vya mimea vinafanana na kolestro na vinazuia matumbo kuifyonza), na LDL ikashuka karibu asilimia 29, wale wa lovastatin walishuka 31. Hii ndiyo utafiti watu wa lishe wanapenda kutaja na ni ya kweli. Chenye hawamalizii ni kwamba hao watu walikuwa wanapewa chakula chenyewe mkononi. Mwaka 2011 walirudia na watu wako nyumbani kwao wanajipikia wakipewa ushauri tu, ikashuka karibu asilimia 13. Asilimia 13 bado ni nzuri sana kwa kitu haina pakiti, lakini hiyo ndiyo namba ya binadamu wa kawaida mwenye harusi, matanga na mashemeji.

Na kwetu huku magharibi tuko na bahati ambayo hatuioni. Vitu vyenye Wazungu wananunua kwa kopo sisi viko Kibuye vimetandazwa kwa gunia: mrenda, kunde na majani yake, bamia, biringanya, wimbi, mtama, njugu, ndengu. Mahali tunaharibu ni sufuria. Mboga imechumwa asubuhi, imeoshwa, imekatwa, halafu inakaangwa na mafuta ya kuganda vijiko vitatu vikubwa, yale meupe ya kwa ndoo, mboga ikipoa unaona utando mweupe kando ya sahani. Ama inamiminiwa samli na malai mpaka inameremeta. Hapo umekula mrenda na umekula kinyume cha mrenda kwa sahani moja. Mafuta yanayoganda yakiwa baridi yanafanya ini lifunge mageti, ndio hiyo tu.

Na hapa kuna uongo mmoja wa rafu za supamaketi. Mtungi umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hauna kolestro. Mafuta ya mimea yote hayana kolestro, hayajawahi kuwa nayo, kolestro inatoka kwa mnyama. Chenye unafaa kuuliza ni mafuta yaliyoshiba, yale ya kuganda, ni mangapi, na ya mawese karibu nusu yake yameshiba. Mafuta ya kupima ya kwa duka la mtaa, yale ya shilingi ishirini ishirini, mengi ni ya mawese, na yakikaangiwa chips mara kumi sio kwamba yanakuwa mazuri. Siwezi kumlaumu mtu wa Kondele ama Kaptembwo mwenye ananunua ya kupima, bei ni bei. Lakini nusu ya kiasi unamwaga inatosha kupika, na kama uko na uwezo wa kununua alizeti, soya ama kanola, hiyo pesa imefanya kazi kuliko chupa yoyote ya unga wa kijani.

Mayai sitakaa hapo sana. Kwa watu wengi yai moja kwa siku halisongeshi LDL kitu ya maana, mwenye ana sukari apunguze. Soseji na mutura za kila jioni ziko na shida kuliko yai.

Omena nazo, na samaki kwa jumla, ni chakula kizuri lakini mafuta yake yanashusha triglaiseraidi, LDL hayaishushi. Kwa hivyo mtu akikwambia anakunywa mafuta ya samaki ya kopo kwa sababu ya kolestro, mwulize ni mstari gani wa karatasi ulikuwa juu.

Hizo za chupa sasa

Mwaka 2022 madaktari wa Cleveland Clinic kule Marekani waliwasilisha utafiti ambao kama ningekuwa na spika ya steji ningeusoma kila asubuhi. Watu kama 190 hivi waligawanywa kwa makundi, wengine wakapewa rosuvastatin ya miligramu 5, dozi ndogo kabisa, wengine mafuta ya samaki, wengine mdalasini, kitunguu saumu, manjano, sterol za mimea, ule mchele mwekundu, na wengine tembe bandia isiyo na kitu. Siku 28. Wa statini LDL ilishuka karibu asilimia 38. Zile sapliment zote sita, hakuna moja ilishinda tembe bandia kwa maana. Wa kitunguu saumu LDL yao hata ilipanda kidogo.

Mtu atasema siku 28 ni kidogo, ni sawa, tuseme hivyo. Ila ile meseji ya WhatsApp yenyewe inaahidi wiki tatu. Na 2007 kule Stanford walikuwa wamejaribu kitunguu saumu kibichi na cha vidonge miezi sita mizima, LDL ikakaa pale pale. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, weka kwa nyama, weka kwa mchuzi, kinakusaidia kupunguza chumvi pia. Lakini usikibebeshe mzigo wa mtu wa stroki.

Mwenye anatumia dawa ya kulainisha damu kama warfarin ndiye afaa kuogopa, juu kitunguu saumu kingi cha kila siku kinaweza kumwongezea kutoka damu. Na ile unga ya kwa chupa isiyo na lebo, yenye ikiulizwa kuna nini ndani unaambiwa "miti shamba saba", hiyo ini lako ndilo litalipa. Kitu yenye nguvu ya kutibu ina nguvu ya kudhuru, na isiyo na nguvu ya kudhuru kabisa mara nyingi haina nguvu ya kutibu.

"Lakini wazee wetu walikula nyama na maziwa"

Hii haikosekani, na haswa ukiwa upande wa Nakuru mahali Mkalenjin na Mmaasai wako mezani. Ni hoja yenye uzito, siidharau. Kuna daktari anaitwa George Mann alisoma Wamaasai miaka ya 1960, akakuta kolestro iko chini licha ya maziwa na nyama. Halafu 1972 akachapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Alipata mishipa yao ina mafuta yamejipaka ukutani kama ya wengine, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu inapita, na yeye aliona hiyo ni kazi ya kutembea siku nzima. Yaani chakula kilikuwa kinafanya kile chakula hufanya, miguu ndiyo ilikuwa inawaokoa. Sasa wewe unachukua boda kutoka Section 58 hadi tauni na unataka mishipa ya mtu wa kutembea na ng'ombe kutwa nzima. Na wazee hawakula nyama choma ya kilo mbili kila wikendi na chips kando, nyama ilikuwa ya sherehe. Wengine pia walianguka ghafla shambani na ikasemekana ni mkono wa mtu.

Misuli inauma

Sababu kubwa watu wanaacha statini ni miguu na mabega kuuma. Madhara ya misuli yapo, yale makali ya misuli kuvunjika na figo kuumia yapo pia lakini ni adimu sana, ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi na misuli inauma sana hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Statini pia zinaweza kupandisha sukari kidogo kwa mwenye alikuwa karibu kuipata. Ini, madaktari wanapima, shida kubwa ni nadra.

Lakini sikia hii. 2020, Imperial College London walichukua watu 60 ambao walikuwa wameacha statini juu ya madhara. Wakapewa chupa 12 za mwezi mzima kila moja, nne zina statini, nne zina tembe bandia, nne ni tupu, na mtu hajui hii ya statini ni gani. Kila siku anaandika kwa simu anasikiaje. Miezi ya statini waliumia, kweli. Miezi ya tembe bandia waliumia karibu sawa, asilimia 90 ya yale maumivu yalikuja hata na tembe isiyo na kitu. Miezi ya chupa tupu maumivu yalikuwa karibu nusu tu ya hayo. Maumivu hayakuwa ya kujifanya, mtu alikuwa anaumwa kabisa, ila yalikuwa yanaletwa na kumeza tembe ukitegemea ikuumize. Na nusu yao walirudi kwa dawa baada ya kuonyeshwa chati zao. Kwa hivyo ukisikia maumivu sema kwa daktari, kuna kupunguza dozi, kuna kubadilisha aina, kuna ezetimibe, dawa ingine ya kushusha kolestro ambayo sio statini. Kunyamaza na kuiacha kwa kabati ndiyo mbaya kuliko zote.

Na hiyo ya "ukianza huachi maisha" iko hivi: haikufungi kama sigara, unaweza kuiacha leo na mwili hautatetemeka. Ila ini litafunga yale mageti tena na kwa wiki chache LDL itakuwa pale ilikuwa. Karatasi ikiwa nzuri ukiwa kwa dawa, hiyo ni dawa inafanya kazi, sio kupona.

Turudi kwa yule mama wa 4.6. Akibadilisha mafuta, ale maharagwe, oti na mrenda kila siku, tuseme ashuke asilimia 15, atafika 3.9. Tembe peke yake kwa asilimia 40 inamfikisha 2.8. Zote mbili pamoja karibu 2.3. Kama hana presha, hana sukari, havuti, na hajawahi kuwa na shida ya moyo, akimwambia daktari anataka kujaribu chakula miezi mitatu apimwe tena, hilo ni ombi la busara na daktari mzuri atakubali. Kama LDL ingekuwa 3.5, hata angeweza kumalizia hapo hapo kwa chakula. Lakini kama alipata stroki mwaka jana, ama ana sukari na ako zaidi ya arobaini, ama LDL ilikuwa 4.9 kwenda juu, hesabu ya chakula haimfikishi, anahitaji dawa na chakula aweke juu yake, na hiyo miezi mitatu ya kujaribu ni miezi ya kucheza na moto.

Kupima tena ni baada ya wiki nne hadi kumi na mbili ukianza kitu chochote, mapema zaidi ni kupoteza pesa, na mara nyingi si lazima ukae njaa isipokuwa triglaiseraidi zako ziko juu. Mwenye ni mjamzito ama anapanga mimba azungumze na daktari kabla, statini kwa kawaida zinasimamishwa. Balungi na simvastatin havipatani, balungi inafanya dawa ijae kwa damu kupita kiasi, atorvastatin pia usiichanganye na balungi nyingi. Na kwa sababu niko naandikia watu wa Kisumu na Homa Bay pia: mwenye yuko kwa ARV, moyo ni jambo la kuangalia hata mapema kuliko wengine, kuna utafiti mkubwa wa 2023 ulionyesha pitavastatin ilipunguza shida za moyo kwa watu wenye HIV kwa asilimia 35. Lakini simvastatin haimezwi kabisa pamoja na ARV zenye ritonavir kama lopinavir ama atazanavir, za dolutegravir hazina hiyo shida. Kwa hivyo usinunue statini kwa kemisti juu jirani alipewa, beba pakiti zote unazomeza, na ile chupa ya miti shamba pia, mwenye anakuandikia azione kabla ya kuandika.